Fomu ya Mtani Wangu

Mimi ni Mpare, na nalisema hilo mapema kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka hapa. Wachaga ni watani wetu. Sisi tunawaambia kwamba mama yao angekuwa na bei nzuri wangeshamuuza, na wao wanatuambia kwamba tunauza ng'ombe tupate nauli ya kwenda kushtakiana kwa ajili ya kuku. Mtani akikutukana hukasiriki. Mtani akija msibani kwako akajilaza mbele ya gari la maiti, unampa chochote ainuke, na unacheka huku machozi yanakutoka. Hata hapa Dar, ambako watu wamesahau mengi ya kwao, hilo halijasahaulika. Neno la utani linaishia pale pale liliposemwa, na mtu mzima anayelibeba kwenda nalo mbele anaonekana hana akili au hana utu.

Nashona mapazia kwenye kibaraza cha nyumba ya Kiswahili, upande ule ambao Kariakoo inaishia na Gerezani inaanza. Mbele yangu mabasi ya mwendokasi yanapita, nyuma yangu mafundi wanagonga vyuma mchana kutwa. Mtani wangu, Mchaga, alikuwa na duka la jumla la vyombo vya plastiki, vichochoro viwili kutoka kwangu, ndoo na mabeseni na majagi yamepangwa hadi darini. Alikuwa mjane, mpana wa mwili, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara na mtu huyo akaja. Tulikutana kwenye kamati ya serikali ya mtaa. Tuliingia siku moja, kwenye viti maalumu vya wanawake, na tukavikalia vipindi viwili.

Kikao cha kwanza mwenyekiti alitukaribisha vizuri sana, akasema kamati imepata akina mama sasa, kwa hiyo chai itakuwa na ladha. Wanaume wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuinuka, nasema ukweli, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye chupa ya chai. Yeye alibaki amekaa. Akawaambia kwamba dukani kwake kuna vikombe dazeni kwa dazeni, atawaletea kila mmoja chake, wamimine wenyewe, na atakayeshindwa kubeba kikombe aseme ili wamtafutie yaya. Kesho yake vikombe vililetwa kweli, vya rangi ya chungwa, na tangu siku hiyo wanaume wa kamati yetu wakawa wanajimiminia. Nilimpenda kwa ajili ya hilo. Nataka lijulikane kwamba nilianza kwa kumpenda.

Jambo aliloshupalia miaka yote lilikuwa barua. Mtu wa mjini haendi popote bila barua ya serikali ya mtaa. Unataka kufungua akaunti, barua. Unataka kitambulisho, barua. Ndugu yako kashikwa, unataka kumdhamini, barua yenye muhuri. Mwenyekiti wetu, ambaye alikuwa ameshika mtaa miaka kumi na mitano, alikuwa na desturi yake aliyoitunga mwenyewe: mwanamke akija kuomba barua alimwambia aje na mwanaume anayemfahamu, mume, baba au kaka. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Lakini muhuri ulikuwa kwenye droo yake. Wanawake wa mtaa wetu wengi ni watu wa kuja, Wamakonde, Wamwera, Wangoni, Wasambaa, wamepanga chumba kimoja, wanapika, wanauza maji, mume yuko Mtwara au hayupo kabisa. Nilimwona Mmakonde mmoja mama lishe akimwomba muuza vocha asiyemjua ajifanye kaka yake. Muuza vocha alikubali, akamwambia atalipwa wali wa wiki nzima.

Mtani wangu alisimama kwenye kila kikao akalisema hilo. Walimzungusha, wakasema litaangaliwa, na kwenye muhtasari likaandikwa kuwa mjumbe mmoja alitoa maoni. Yeye hakujua kama liliandikwa hivyo. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa sababu mimi ndiye niliyemsomea.

Hakujua kusoma. Alitolewa shule darasa la pili huko mlimani akalee watoto wa shangazi yake, na hakurudi. Tarakimu alizijua kuliko mwalimu, lakini herufi hazikumwingia, na mumewe alipokuwa hai ndiye aliyeshika makaratasi. Nililigundua kwenye kikao cha tatu. Alipewa karatasi, akaikunjia uso, akapapasa mkoba, akasema amesahau miwani, kisha akanisukumia. "Soma wewe Mpare, macho yako yamezoea hati za mashtaka." Watu wakacheka, nikasoma. Kikao kilichofuata akasahau miwani tena. Sikumuuliza. Nikawa nafika dukani kwake asubuhi ya kila kikao, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, namsomea kila kitu mara mbili, naye alikuwa na kichwa cha ajabu, kikishasikia hakisahau. Ofisini alizungumza kana kwamba ameyasoma usiku kucha. Wanaume walimwogopa. Walisema yule mama anasoma nyaraka mpaka nukta.

Nilikuwa macho yake miaka kumi, na hakuna aliyejua. Mwanzoni lilinifurahisha, siri kati ya watu wawili ina utamu wake. Baadaye likaanza kuniuma kidogo kidogo. Mimi nilimaliza kidato cha nne. Nilikuwa na mwandiko ambao mtendaji wa mtaa, kijana wa kuajiriwa, aliusifu mbele za watu. Na katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza nina maoni gani.

Uchaguzi ulipokaribia, wanawake wa mtaa walikutana dukani kwake jioni, kama ishirini hivi, wengine wamekaa juu ya mabeseni. Walisema wamechoka, safari hii wanataka mwenyekiti mwanamke, na chama kilishaonyesha kwamba hakina kipingamizi. Nitasema kilichokuwa moyoni mwangu. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kwenda kanisani. Nilikuwa nimejiandaa kukataa mara moja, kwa adabu, kisha nikubali. Wakamtaja yeye, wote, kwa pamoja, na hakuna jicho hata moja lililopita usoni kwangu hata kwa bahati mbaya.

Akakubali. Akasema kitu cha kwanza atakachofanya ni kutoa muhuri kwenye droo na kuuweka mezani, na mwanamke atapata barua kwa jina lake mwenyewe. Wale wanawake walipiga vigelegele, yule Mmakonde mama lishe alilia. Halafu mtani wangu akanigeukia, akanipiga bega, akasema kwa sauti yake ile:

"Na huyu Mpare ndiye karani wangu. Nitamlipa kuku mmoja kwa mwezi, aende kumfungulia kesi."

Duka zima likaanguka kicheko. Na mimi nikacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Siku iliyofuata alikuja na fomu ya kugombea, nikaijaza yote kwa mwandiko wangu. Kulikuwa na mahali panapouliza kama mwombaji anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Nikamwangalia. Akasema niandike ndiyo. Nikaandika ndiyo, akachora jina lake chini, kazi aliyojifunza kwa marehemu mumewe na aliyoifanya polepole huku ameuma ulimi.

Kama wiki moja baadaye kaka yake alifariki. Alikuwa akikaa Magomeni, na Wachaga hawaziki mjini, wanasafirisha, kwa hiyo watu walikusanyika pale kumuaga kabla gari halijaondoka kwenda Kilimanjaro. Nusu ya mtaa wetu ilikuwepo. Mwenyekiti wa zamani, ambaye chama kilimwacha na sasa alikuwa anagombea naye kiti kwa tiketi ya chama kingine, alikuwepo pia, kwenye kiti cha mbele, na kofia yake mapajani. Wapare tulifika kama kumi. Wenzangu wakalala mbele ya gari wakadai ng'ombe. Mimi nikaenda kumwigiza ndugu wa marehemu, maana hiyo nayo ni kazi ya mtani. Nikavuta khanga ya mfiwa, nikajifunga kifuani kama anavyojifunga yeye, nikajaza mto tumboni, nikachukua ratiba ya mazishi.

Nikapapasa mkoba. Nikasema kwa sauti yake nimesahau miwani. Watu wakaanza kucheka, wanakamati zaidi, kwa kuwa walikijua kisa cha miwani. Hapo ningeishia. Ningerudisha khanga, nimkumbatie, yaishe. Lakini nilikuwa nasikia kile kicheko na kilikuwa changu, safari hii kilikuwa changu, nikaongeza. Nikasema hata mkiniletea miwani ya daktari wa Ulaya haitanisaidia, mimi herufi naziona mende tu, nikizitazama zinakimbia, niitieni karani wangu Mpare anisomee kaka yangu amefariki lini.

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Yeye mwenyewe alicheka, machozi yanamtiririka kwa ajili ya kaka yake na kwa ajili yangu. Aliponikumbatia alinikaza mkono kwa nguvu na kusema sikioni kwamba ya leo nimeizidisha. Nikamwambia anipe ng'ombe wangu. Nilipogeuka nikamwona mwenyekiti wa zamani. Hakuwa akicheka. Alikuwa ananitazama kwa makini, kama mtu anayesoma tangazo la kazi.

Pingamizi liliwekwa Jumatatu. Mwenyekiti wa zamani alidai kwamba mgombea mwenzake hana sifa, kwa kuwa hajui kusoma wala kuandika, na akaniandika mimi kuwa shahidi. Niliitwa ofisini mchana, mbele ya msimamizi wa uchaguzi wa eneo letu, mwanaume mpole wa makamo, Mnyamwezi, ambaye aliniamkia vizuri, akaniomba nikae na akanifungulia soda. Mtani wangu hakuwepo, alikuwa bado njiani kutoka kuzika. Mwenyekiti wa zamani alikaa pembeni. Msimamizi akasema amesikia yaliyotokea msibani. Akasema na yeye ana watani wake, Wazaramo, na mwaka juzi walimwambia mambo mbele ya jeneza la baba yake ambayo hawezi kuyarudia. Aliniangalia kwa namna ya kunionyesha mlango.

"Mama, siku ile ulikuwa unatania, au ulikuwa unasema kweli?"

Alikuwa amenipa kila kitu. Nilitakiwa kusema natania, neno moja tu, na lile faili lingefungwa, kwa sababu hakuna ofisi katika nchi hii inayoweza kumwondoa mtu kwa maneno ya mtani wake. Hata yule mwenyekiti alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa anajifuta jasho. Na nisingekuwa nimedanganya kabisa. Ulikuwa utani, ndani yake mlikuwa na ukweli, na utani wote uko hivyo.

Nilimeza soda kidogo. Nilimfikiria akiwa ameketi kwenye kile kiti, muhuri uko mezani, wanawake wamejaa hadi nje, na mimi nimekaa pembeni namsomea, kwa sauti ya chini, nikimngoja aseme yeye kwa sauti ya juu. Nilifikiria kuku. Nasikia watu wengine wakifanya ubaya wanasema shetani aliwapitia. Mimi hakuna aliyenipitia. Nilikuwa na akili zangu timamu na soda yangu mkononi.

"Nilikuwa nasema kweli," nikasema.

Msimamizi aliweka kalamu chini. Akauliza tena kama nina hakika. Nikasema nina hakika, mimi ndiye ninayemsomea, miaka kumi sasa. Akaandika. Nikatia saini, kwa mwandiko wangu mzuri.

Aliporudi kutoka Kilimanjaro wakamwita. Alikuwa bado amejifunga kitambaa cheusi. Wanawake wa mtaa walimsindikiza, na mimi nilikuwa miongoni mwao, maana hakuna aliyejua na kutokwenda kungenifichua. Tulisimama barazani, chini ya dirisha la nondo. Tulisikia akisalimia kwa sauti kubwa, akiuliza kama wamezoea kuwaita wafiwa kabla hawajavua nguo nyeusi. Kisha tukasikia msimamizi akimwambia kwamba ni jambo dogo, asome tu aya moja ya ukurasa huu, waondoe maneno ya watu.

Alisema amesahau miwani. Msimamizi akamwambia pole, na akampa yake.

Baada ya hapo hatukusikia kitu. Mafundi wa jirani walikuwa wamepumzika kula, kwa hiyo mtaa wenyewe ulikuwa kimya, na sisi wote tulikuwa kimya, wanawake kumi na watano tukimsikiliza mtu asiyesoma. Ilichukua muda mrefu. Hawakumkatisha. Nafikiri msimamizi alidhani anamheshimu kwa kumpa muda, na huo ndio ulikuwa ukatili mkubwa kuliko wote, ule muda. Yule Mmakonde mama lishe alinishika mkono akaninong'oneza, mbona hasomi, dada, mbona hasomi. Nikamwambia labda ana uchungu wa msiba.

Akatoka na uso mkavu. Hakumtazama mtu. Alipita katikati yetu akaenda zake dukani, na wanawake wakaachia njia. Nilitegemea nitajisikia nimepata kitu. Nilirudi nikashona pazia la watu wa Ilala na nikalikosea upindo.

Barua ya uamuzi ilimfikia siku ya pili yake. Saa nne asubuhi akaja nayo kibarazani kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniwekea juu ya cherehani.

"Nisomee, mtani."

Nikaitoa kwenye bahasha. Nilisoma kwa sauti ya kawaida, kama nilivyosoma miaka yote. Kwamba pingamizi limesikilizwa. Kwamba mgombea alipewa maandishi ya Kiswahili akashindwa kuyasoma. Kwamba jina lake limeondolewa. Kulikuwa na aya nyingine katikati. Nikairuka, nikaenda kwenye haki ya rufaa, kwamba anayo, iwe kwa maandishi, kabla ya kesho kutwa saa kumi. Akanyoosha kidole chake kinene, akakiweka juu ya karatasi, katikati.

"Na hapa?"

Nikasema hapo ni maneno ya kisheria tu, hayana maana.

"Hapa pana jina lako," akasema. "Herufi sizijui, lakini jina lako nalijua. Kwenye karatasi za mahudhurio ulikuwa unasaini wewe, halafu mimi chini yako. Miaka kumi. Nilikuwa naliangalia ili nijue mstari wangu ni upi."

Akasema nisome. Nikasoma. Kwamba shahidi, mjumbe mwenzake wa kamati, alieleza kuwa ndiye anayemsomea nyaraka zote, na alipoulizwa mara mbili alithibitisha kwamba maneno aliyoyasema msibani hayakuwa utani. Aliniomba nirudie sehemu ya mwisho, nikairudia. Alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya akiwa anahifadhi kitu.

Kisha akauliza rufaa inaandikwaje. Nikamweleza. Akasema basi nichukue kalamu, yeye atasema mimi niandike, kwa sababu kufika kesho kutwa hana mtu mwingine wa kumwonyesha aibu hii, na mimi nilishaiona. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananiomba. Angeweza kunitukana na ningejua la kufanya, lakini aliniomba, na mimi nilikuwa nimeshika kalamu ambayo dakika tano zilizopita nilikuwa naandikia vipimo vya dirisha.

Nikamwambia imeisha wino.

Aliitazama kalamu. Akatazama daftari langu la vipimo, wino bado mbichi. Akaichukua barua yake, akaikunja mara mbili, akaisukumia ndani ya sidiria, akasimama. Nilikuwa nangoja tusi. Kwa miaka kumi hatukuwahi kusalimiana kistaarabu, mimi na yeye, ilikuwa Mchaga mwizi na Mpare kesi, na hivyo ndivyo tulivyoamkiana kila siku ya Mungu. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka sita.

Akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtoto aliyelelewa vizuri mbele ya mtu asiyemfahamu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Na mimi, kabla sijajua mdomo wangu unafanya nini, nikaitikia marahaba.